Wazee wa Sehemu ya Pili

Siku Makongoro alipoondoka, mkewe Matrida alikuwa nyuma ya banda la video anasuuza vikombe vya chai, kwa hiyo alimwona mgongo tu. Alikuwa amebeba spika begani. Jenereta ilikuwa imeshapakiwa kwenye boti, pamoja na mifuko ya saruji ambayo Baltazar, mwenye banda na mwenye boti, alikuwa anaipeleka kwa watu wa Bukima, kijiji cha ng'ambo ya ziwa.

Makongoro alikuwa mtafsiri wa filamu. Filamu ikianza, alikaa kando ya shuka jeupe na kipaza sauti, na kila mtu aliyekuwemo ndani ya filamu alisema Kiswahili kwa mdomo wa Makongoro. Siku hiyo alikuwa anakwenda kuwaonyesha watu wa Bukima filamu ya makomandoo. Filamu yenyewe ilikuwa ndani ya flashi, kwenye mfuko wa shati lake.

Boti ilirudi Mwigobero, mwaloni ilikotoka, na Baltazar peke yake. Alisema Makongoro alishuka salama, akapanda gari la Mwanza.

"Kuna mwanamke huko, shemeji," alimwambia Matrida. "Nilikuwaga nanyamaza tu."

Ukoo wa Makongoro, kule Butiama, uliikubali habari hiyo. Mtu aliyekwenda Mwanza haliliwi. Hawakutandika mikeka uani, hawakunyoa nywele, hawakuita katekista. Matrida hakuwa mjane. Alikuwa mke aliyeachwa, na mke aliyeachwa huulizwa alimkosea nini mumewe. Aliulizwa kisimani, akaulizwa kanisani. Yeye alijua kwamba Makongoro hakwenda Mwanza, kwa sababu aliacha viatu vyake vizuri chini ya kitanda. Aliwaambia wakwe zake habari ya viatu. Wakamwambia Mwanza viatu vinauzwa.

Aliendelea kuuza chai mlangoni pa banda. Angeweza kuuza stendi, ambako watu ni wengi zaidi, lakini ile sauti ya Makongoro ilikuwa imezoea kutokea hapa.

Baada ya miaka kadhaa ikaja sehemu ya pili ya makomandoo. Sehemu ya kwanza watu walikuwa wameikariri. Makongoro hakukijua sana Kiingereza, kwa hiyo aliwapa wale makomandoo maneno aliyoona yanawafaa. Stelingi, yule shujaa wao mkuu, alimwita Ngusa. Mwanamke wa mabomu alimwita Rhobi, na kumsemea kwa sauti nyembamba iliyowavunja watu mbavu. Maadui walipomteka Rhobi, walidai ng'ombe.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana. Watu walijaa hadi wengine wakakalia kreti za soda. Mtafsiri sasa alikuwa Enos, kijana wa kidato cha sita, Kiswahili chake kimenyooka kama rula.

Filamu ilikuwa mbaya. Makomandoo walikuwa wamezeeka wote kwa pamoja. Nywele zao zilikuwa nyeusi kupita kiasi na shingo zao zilikuwa za babu. Ngusa alipotaka kuruka ukuta, alionyeshwa akiwa upande huu, halafu akaonyeshwa upande wa pili anapumua.

"Huyo anapigana au anatafuta miwani?" mtu mmoja aliuliza.

"Mwacheni mzee, goti hilo."

"Rhobi jamani! Si alikuwaga mrembo huyu?"

"Na wewe ulikuwaga na meno."

Katikati ya filamu, helikopta ya maadui ikiwa juu, Ngusa aliinua mkono kuisimamisha. Helikopta ikasimama. Akaketi kwenye boneti la gari lililoungua, na wenzake wakaketi karibu naye mmoja mmoja, wakijishika viuno. Makoti yao yalikuwa yanatiririka maji. Maji yalishuka kwenye shuka hadi sakafuni, na furu wawili, samaki wadogo wa ziwani, wakaanguka mbele ya benchi la kwanza wakirukaruka.

"Makongoro yuko wapi?" Ngusa aliuliza.

Enos hakuwa amefungua mdomo. Sauti ilikuwa ya Makongoro, kwa sababu Ngusa hakuwa na Kiswahili kingine zaidi ya kile alichopewa naye. Enos alizima kipaza sauti, akakiweka chini.

Matrida aliingia na kitambaa kufuta maji. Aliwaokota furu, akawatia kwenye ndoo. Kisha akamimina chai kwenye kikombe, akamnyooshea Ngusa. Ngusa alitoa mkono nje ya shuka, halafu wa pili, akakipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, shemeji. Tulikuwa naye siku ile. Tulikuwa mfukoni mwake."

"Mlikuwa naye wapi?"

"Kwenye boti. Wimbi lilipiga, akaanguka. Baltazar alisema akigeuza boti, saruji italowa."

Watu walimgeukia Baltazar, aliyekuwa amesimama karibu na deki ya video.

"Saruji ilikuwa ya watu," alisema Baltazar.

"Ya watu, ndiyo," alisema Ngusa, akanywa chai.

"Na yeye anasemaje?" Matrida aliuliza.

Rhobi ndiye aliyejibu, kwa ile sauti nyembamba. Safari hii hakuna aliyecheka. "Hajasema kitu, wifi. Amelala huko chini. Sauti tunaitumia sisi, yeye haitumii tena."

Helikopta iliendelea kuning'inia. Watu wakaanza kutoka, wakilalamika kwamba hata mwisho hawakuuona. Sehemu ya pili siku zote inaharibu, walisema.

Kesho yake Matrida alipanda gari kwenda Butiama, akamleta Nathan, kaka yake Makongoro, na wazee wawili wa ukoo. Baltazar hakukataa kuiweka filamu. Aliwapangia viti vya mbele. Ngusa aliyasema yale yale, taratibu, akiwa ameketi kwenye gari lile lile, na wazee walisikiliza kofia zikiwa magotini.

Nathan alilia. Alitoa leso, akajifuta, akasema, "Hiyo ni sauti ya ndugu yangu kabisa. Hata kile kikohozi chake."

"Basi mmesikia," alisema Matrida. "Twendeni tukaweke matanga."

Nathan aliwatazama wazee. Mmoja wao akakohoa.

"Shemeji," Nathan alisema kwa upole, "tumekuja hapa na shaka. Mimi mwenyewe njiani nilikuwa nasema labda amekufa kweli. Sasa tumemsikia. Mtu anayeongea namna hii, tutamliliaje?"

"Anayeongea ni Ngusa."

"Kwa sauti ya nani?"

Matrida aliligeukia shuka. Ngusa alikuwa anaitazama mikono yake, iliyokuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima.

"Samahani, shemeji," alisema Ngusa. "Hatuna sauti nyingine."

Wazee walimshukuru Baltazar kwa viti. Baltazar aliwapeleka stendi kwa pikipiki yake, kwa safari mbili, asiwabane.

Filamu haikufaa tena kwa biashara, kwa hiyo Baltazar alimpa Matrida. Siku zisizo na soko huiweka kwenye televisheni yake ndogo, mchana, pazia likiwa limeshushwa. Wale makomandoo wazee wamenyolewa nywele sasa, na vichwa vyao vina mvi zinazoanza kuota. Hawaongei sana. Matrida huwaomba waseme chochote, hata ile sehemu ya ng'ombe, nao husema, naye huendelea kuchambua mchele macho yakiwa kwenye ungo. Huweka beseni chini ya televisheni kwa ajili ya maji.

Katika ukoo ule, mjane hapiki msibani. Huketi mkekani na wenzake, akapelekewa chakula. Msiba ukitokea Butiama, Matrida hupigiwa simu mapema, aje na mwiko wake.