Zimwi Lisilotujua

Mimi sina adabu na sinema mbovu. Kazi yangu ni kutafsiri sinema ukumbini kwa Hersi, pale Bulla Pesa, Isiolo. Nakaa kando ya skrini na maikrofoni mkononi, Kiingereza kikitoka nakigeuza Kiswahili papo hapo. Nimewatafsiria watu majoka, wapelelezi na mapenzi ya watu wasiojua hata kuwasha jiko. Sinema ikikosa ladha naitia chumvi. Hersi hulalamika, lakini mabenchi hujaa, kwa hiyo hulalamika kwa sauti ya chini.

Jumamosi hiyo hakutaka mchezo. Mwongozaji wa sinema alikuwa amefika kutoka Nairobi na filamu aliyoipiga huku kwetu Ngaremara, kwenye lagha, ule mto mkavu. Ilikuwa filamu ya kutisha, na tangazo lake lilibandikwa hadi kwenye ukuta wa soko.

"Akuam," Hersi akaniambia, "leo sema tu yenye iko. Huyu mgeni ataniletea filamu zake zote. Ukiongeza hata neno moja, hiyo maikrofoni weka chini na usirudi."

Nikasema sawa. Nilikubali upesi hivyo kwa sababu ya Apua.

Apua ni mdogo wangu, tumbo moja. Katika filamu hiyo yeye ndiye msichana wa kwanza kuuawa. Siku ya kupiga picha mwongozaji alimwambia: zimwi likikutokea, sema chochote ambacho msichana wa huku angesema. Apua akasema sentensi tatu, na mwongozaji akampigia makofi. Tangu hapo mji mzima ulijua. Aliwaambia wenzake wa saluni, akawaambia wanakwaya kanisani, akamwambia mama yetu, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbini na siku hiyo alikuja amevaa shanga zake zote. "Mimi si wa kupita tu nyuma ya watu," Apua alikuwa akitamba. "Mimi naongea."

Basi madirisha yakafunikwa, filamu ikaanza, zimwi likatokea, nami nikavunjika moyo. Kinyago cheupe. Koti jeusi hadi visiginoni. Glavu. Mguu mmoja ukiburuta. Eti liliungua zamani, likafa, likarudi kulipiza kisasi, na sasa halifi hata kwa risasi. Jamani! Hilo tumeshaliona kwenye sinema za Wazungu na za Wakorea, na safari moja kwenye ya Kihindi, ambako angalau lilicheza muziki. Mwongozaji alikuwa amelichukua zima zima na kulishusha Isiolo kama mtumba ambao haujafuliwa.

"Huyu ako na koti ya nini na hii jua?" akauliza Halimo, muuza maziwa ya ngamia, kutoka benchi la katikati. "Atakufa na joto kabla aue mtu!"

Watu wakacheka. Mwongozaji, aliyekuwa amepewa kiti chenye mto, akageuka kumtafuta aliyesema.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili letu halikutujua hata kidogo. Mbuzi wenyewe waliendelea kula nyuma yake bila kuinua vichwa. Lakini nilitafsiri neno kwa neno, kama nilivyoahidi, na nilichoka kuliko siku ya kufua mablanketi.

Kisha akatokea Apua, amebeba mtungi wa maji. Ukumbi mzima ukashangilia. Mama akamshika Halimo mkono. Zimwi likachomoka kichakani, Apua akauangusha mtungi, akafungua mdomo.

Kikatoka kilio. Kilio kirefu, chembamba, cha mwanamke mwingine kabisa, kilichorekodiwa huko studio. Midomo ya mdogo wangu ilikuwa ikisema maneno, sote tuliiona, na sauti iliyosikika ni ya mtu mwingine anayelia. Huko nyuma mtu akaangua kicheko.

"Si ulisema unaongea?" mwingine akadakia.

Apua, pale benchi la mbele, akainamisha kichwa. Mama hakucheka. Aliuliza tu kwa Kiturkana kwa nini mtoto wake analia kwa sauti ya mtu mwingine.

Nilipandwa na hasira. Sentensi zile nilizijua, alizirudia nyumbani akipika na akideki. Na mwongozaji alikuwa amepunguza mwendo wa picha ili tuogope vizuri, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Nikaileta maikrofoni mdomoni.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Hilo ndilo swali la kwetu. Mturkana atakuuliza, Mborana atakuuliza, na Msomali atakuuliza hadi babu wa babu yako. Hakuna mgeni anayepita hapa bila kulijibu, hata awe amekuja kuiba. Kwenye skrini zimwi lilikuwa limesimama, kichwa kimelala upande, likihema ndani ya kinyago. Halikuwa na jibu, na lingelitoa wapi?

"Watu wako wanachunga wapi?" nikaendelea.

"Jibu, wewe!" Halimo akalipigia kelele.

Hersi akachomoa waya wa maikrofoni. Nikabaki natingisha midomo tu, na zimwi likaanza kuinua panga polepole. Sentensi moja ilikuwa imebaki.

Apua akasimama. Alisimama mbele ya skrini, mwanga wa picha ukimwangukia, akaliinulia zimwi uso. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito tunayomtania nayo nyumbani:

"Basi kaa hapo chini, na ukikumbuka jina ya baba yako, ndio uniue."

Wacha ukumbi uruke! Mabenchi yaligongwa, mama akapiga vigelegele. Kwenye skrini Apua aliuawa, na sidhani kuna aliyeona.

Mwongozaji alikuwa ameshasimama. "Hayo maneno hayako kwa filamu yangu!"

"Yalikuwa," Apua akamjibu. "Ni wewe uliyatoa."

"Msichana haulizi zimwi maswali. Msichana anakimbia."

"Labda wa kwenu."

Hersi akaninong'oneza. "Akuam, mwambie mgeni samahani, tafadhali. Nitarudisha waya uendelee."

Hersi si mtu mbaya. Na kazi hii naipenda kuliko yoyote niliyowahi kufanya, wala Isiolo sijui ukumbi mwingine unaohitaji mtafsiri. Yote hayo niliyajua nilipofungua mdomo.

"Samahani nitamwomba Apua, kwa kuchelewa kumsemea," nikamwambia. "Huyu, hapana."

Nikailaza maikrofoni mezani taratibu, maana chombo hakina kosa, nikaenda kukaa benchi la mbele na mdogo wangu. Filamu ikaendelea kwa Kiingereza chake. Kila zimwi lilipochomoka kwenye kichaka kingine, watoto kwa wazee waliliuliza baba yake ni nani, na Apua aliuliza kwa sauti kuliko wote. Likaua kila mtu humo ndani ya skrini. Huku kwenye mabenchi hakuna aliyelikimbia.