Tangazo la Nyamu

Jioni, baada ya taarifa ya habari, Gatakaa wa mapokezi aliwapangia marehemu viti. Walifika kila siku katika kituo cha redio cha Munene mjini Meru, wamevaa nguo zao za kuzikiwa, kusikiliza matangazo yao ya vifo. Tangazo likisomwa sawasawa, marehemu alishukuru akaenda zake. Likikosewa, habanduki. Mama mmoja wa Mbeere aliwahi kukaa hadi Jumapili kwa sababu watu wake walimsahau mtoto wa kambo. Jina la mtoto liliposomwa, aliaga vizuri tu.

Siku moja alikuja Nyamu, kaka mkubwa wa Munene, aliyefariki Kibugu akichuma chai. Munene mwenyewe alisoma tangazo: mwana wa marehemu Runji, mume wa Igoki, mkulima, ndugu wa mwenye kituo. Wenzake wakainuka. Nyamu akabaki ameketi, kofia magotini.

"Mzee, ndugu yako bado yuko," Gatakaa alisema. "Nimempatia chai, amekataa."

Munene alichanganyikiwa. Habari zake mwenyewe nani hakuzijua? Gazeti lake lilizichapa kila mwaka: kijana fukara wa Runyenjes aliyeunda mtambo wa redio kwa mikono yake, peke yake, hadi akamiliki gazeti, redio na runinga. Alikuwa amesimulia hayo mpaka akawa anaviona kabisa vidole vikishika nyaya. Sasa alivitazama vidole vyake, vinene, laini, na havikujua waya upi unaingia wapi. Aliona haya, kisha akakasirika kwa kuona haya.

Akaenda kuketi karibu na kaka yake.

"Nyamu, kwani tumeruka nini?"

"Ile mashine. Sema tu ni mimi nilitengeneza. Wewe ulikuwa unaongea, mimi natengeneza. Si ilikuwa hivyo?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Na nimechoka, Munene. Nataka kwenda."

Kesho yake Munene aliongeza "mzee wa kanisa." Keshokutwa, "mpenda watu." Nyamu hakusogea. Kisha jioni moja mtambo ukazima katikati ya taarifa. Nyamu akaingia nyuma, akachokoachokoa huku fundi akimshikia tochi, na sauti ikarudi. Munene aliyaona hayo kupitia kioo. Vidole vile alivijua. Ndivyo alivyokuwa akiviona miaka yote hiyo.

Alivuta maikrofoni. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akaifikiria ile shule iliyopewa jina lake, na watoto wanaoambiwa wamwige. Akakohoa, akasoma: mkulima, mzee wa kanisa, mpenda watu, ndugu wa mwenye kituo.

Marehemu wengine waliondoka. Nyamu alimtazama kidogo, kisha akafunga vifungo vya koti.

Baridi ya Meru haina mchezo. Munene alienda mwenyewe hadi Majengo, akanunua blanketi zito kuliko yote dukani, akarudi akamfunika kaka yake mabega.

"Usijali, Nyamu," alimwambia. "Hapa ni kwako."