Abiria wa Kiti cha Ishirini na Tatu

Jumatano hiyo mvua iliwakuta watalii chai ikiwa bado vikombeni. Walirudi kwenye basi mbio, wamejifunika ramani na mifuko ya nailoni, huku Dervla Gallen akisimama mlangoni kuwashika mikono mmoja mmoja wasiteleze. Basi lilikuwa limeegeshwa mahali pabaya, kwenye kijibarabara kinachoshuka ufukweni Glenavarra, na nyuma yake lori la kondoo lilikuwa linapiga honi.

"Dada, tuondoke," Fintan, dereva, alimwambia. "Huyu wa kondoo akishuka atanipiga, na mimi leo sina nguvu ya kupigwa."

Kwa kawaida Dervla alipita katikati ya viti akihesabu vichwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewapeleka watu kuzunguka nchi za Wakelti, Ayalandi, Uskoti na Welisi, siku kumi na mbili kila safari, na hakuwahi kupoteza hata mwavuli wa mtu. Lakini lori lilikuwa linapiga honi, na maji yalikuwa yameshamwingia viatuni. Akachukua kipaza sauti.

"Jamani, kila mtu amtazame mwenzake! Wenzenu wote wapo?"

"Wapoo!" basi zima likaitika kwa furaha, na Fintan akatia gia.

Njiani aliwasimulia habari za watakatifu waliovuka bahari kwa mitumbwi ya ngozi, akatoa ule utani wake wa mtakatifu aliyesahau kasia. Fintan akacheka palepale anapocheka siku zote. Alikuwa ameusikia labda mara mia tatu. Alicheka kwa sababu ni mtu mwema.

Baada ya dakika arobaini walifika Ardara, hotelini, kwa chakula cha mchana. Sahani za samaki na viazi zilipangwa, watu wakakaa. Mwenye hoteli, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kanisani, akamjia Dervla.

"Uliniambia thelathini na watatu."

"Ndiyo, thelathini na watatu."

"Basi mmoja hana njaa. Samaki wangu anapoa pale."

Dervla akatazama. Mwisho wa meza ndefu kulikuwa na kiti kitupu, na mbele yake sahani inayofuka mvuke. Akahesabu vichwa, akahesabu tena. Ndipo alipoelewa alichokifanya. Watu wote wale walikuwa wawili wawili, mume na mke, dada na dada, rafiki na rafiki. Jozi kumi na sita. Alipouliza kama wenzao wapo, hakuna aliyesema uongo. Aliyebaki ni yule ambaye hakuwa mwenza wa mtu yeyote.

Akachomoa orodha, akatafuta jina lisilo na mwenzake. Kiti cha ishirini na tatu: Prosser, E.

"Nani amemwona Bibi Prosser?" akauliza kwa sauti.

Watu wakatazamana. "Ndiye yupi huyo?" akauliza Bwana Treadgold, Mkanada aliyekaa siku tano upande wa pili wa njia, karibu na kiti hichohicho.

"Yule wa koti la kijivu," mkewe akasema.

"La bluu," akadakia mwingine nyuma.

"Si yule mwenye miwani?"

"Hana miwani yule. Au anayo? Mbona sikumbuki hata sauti yake."

Dervla alitaka kuwakaripia, lakini na yeye mwenyewe alijaribu kumkumbuka, akashindwa. Siku tano. Alimpokea Dublin, akamkabidhi ufunguo wa chumba mara nne, akamwambia "Karibu mama" kama alivyowaambia wote. Uso wake haukumjia. Alichokumbuka ni mkono tu, mkono mwembamba wenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano, ukisaini karatasi.

Akapiga simu ya Bibi Prosser, ikaita hadi ikakatika. Akafungua fomu yake kutafuta mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura. Eluned Prosser, miaka sitini na minane, mshonaji mstaafu, Swansea, Welisi. Mahali pa jina la mtu wa kuarifiwa alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: Hakuna.

Dervla aliisoma karatasi ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwaka uliopita, ofisi ilipomtaka ajaze yake mwenyewe, aliuma kalamu mpaka karani akachoka kumsubiri. Mwishowe alimwandika Fintan.

Mwenye hoteli hakuuliza maswali. Alimrushia ufunguo wa gari lake. "Nenda. Hawa nitawapa keki mpaka walale."

Barabara ya kurudi ilikuwa na ukungu. Kule Glenavarra kuna majabali yanayoangukia baharini bila uzio, na Dervla aliendesha akiyaona tu majabali hayo, akiwaza koti la kijivu, au la bluu. Alitamani kumpigia mtu amwambie anaogopa. Lorcan, aliyekuwa mumewe, angepokea, si mtu mbaya. Hawakuachana kwa ugomvi. Alisema tu kwamba kuishi na mwanamke anayerudi nyumbani Novemba, safari zinapokwisha, ni sawa na kuwa na jirani, akapata wa kuishi naye. Dervla akaiacha simu mahali ilipokuwa.

Mwenye mgahawa wa ufukweni, mwanamume mwenye ndevu nyekundu, alikuwa anafuta meza.

"Yule mama aliyekaa peke yake karibu na mlango?" akasema kabla Dervla hajamaliza. "Alikunywa chai, akakunja kitambaa chake vizuri, akatoka. Nilimwona anapandisha kwa Peigí, yule bibi kizee wa nyumba ya juu. Nikajua wanafahamiana."

Nyumba ya Peigí ilikuwa juu kidogo ya barabara, nyeupe, na kamba ya nguo uani. Dervla aligonga, akaingia bila kungoja jibu. Moto wa udongo wa mboji, ambao huko huchomwa kama kuni, ulikuwa unawaka. Mashuka yaliyolowa yalitandazwa juu ya viti vyote, na katikati yake vikongwe wawili walikuwa wamekaa magoti yakikaribia kugusana, wakihesabu kwa vidole.

"Ngoja, ngoja, kumi mnasemaje ninyi?" Peigí alikuwa anauliza. Alikuwa na miaka themanini na minne, na meno manne. Mwenzake akamtajia kwa Kiwelisi. Peigí akaitaja kwa Kiairishi, akapiga paja. "Ona! Si kitu kimoja hicho? Mmeiharibu tu mdomoni!"

"Nyie ndio mmeiharibu," mwenzake akajibu.

Koti lililokuwa msumarini lilikuwa la kijani.

"Mama Prosser," Dervla akasema. "Mungu wangu, mama. Tumekutafuta."

Eluned Prosser aliinua macho. Ulikuwa uso mwembamba, wa mtu mwerevu, wenye kovu dogo kidevuni. Dervla alishangaa jinsi ulivyokuwa rahisi kuukumbuka.

"Mlianza kunitafuta saa ngapi?" aliuliza kwa upole.

"Wakati wa chakula."

"Aha. Sahani ilibaki."

"Nisamehe, mama. Nilikusahau, kosa ni langu, sina la kujitetea."

"Usiseme ulinisahau. Jina langu lenyewe umelisoma leo kwenye karatasi." Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuumiza Dervla zaidi. "Nilikuwa natembea, mvua ikaja, nikaona nguo za huyu bibi zinapeperuka naye hawezi kukimbia. Nikamsaidia kuanua. Basi letu nililiona hapo dirishani. Nikajua litasimama."

"Mbona hukutoka ukapunga mkono?"

Eluned alinyoosha ukingo wa shuka lililokuwa karibu naye. "Nilifika mlangoni. Halafu nikajiuliza, mtu mzima kama mimi, nikimbilie basi kwenye matope, nipige kelele, na wote wanitazame dirishani wakijiuliza ni nani? Nikarudi nikakaa."

Peigí akamgeukia Dervla.

"Wewe binti, kaa unywe chai au toka, unaniingizia baridi. Na huyu usimchukue. Chumba cha mwanangu kipo, yeye yuko Boston miaka ishirini na sita, hakihitaji tena. Mashuka ndiyo hayo, yakikauka."

"Bibi, kuna utaratibu, mimi nawajibika..."

"Ulikuwa unawajibika asubuhi!" Peigí akacheka mpaka akakohoa.

Eluned naye alikuwa anacheka, amefunika mdomo kwa kiganja. Mwishowe walikubaliana. Eluned angelala pale siku mbili, na Ijumaa angepanda basi la kawaida mpaka Derry, akutane na wenzake kabla ya kuvuka kwenda Uskoti. Alisaini karatasi kwa mkono uleule mwembamba.

Watalii waliposikia yuko salama walipiga makofi. Bibi Treadgold alitokwa na machozi, akanunua kadi yenye picha ya punda, akaizungusha watu wote watie saini. Ilipomrudia alimwinamia Dervla akanong'ona: "Jina lake la kwanza nani tena, mpenzi?"

Jioni hiyo, baada ya kuwafikisha watu vyumbani palepale hotelini, Dervla aliliazima tena lile gari, akapeleka sanduku na kadi. Mvua ilikuwa imekatika, na jua la Juni lilikuwa bado juu ya maji saa mbili usiku. Akiwa bado uani alisikia vicheko ndani, na ubishi kuhusu chumvi. Eluned alikuja mlangoni na aproni isiyo yake, akaisoma kadi.

"Mmeniandika Eleanor," akasema.

"Najua, mama. Aliyeandika alisikia vibaya, nami sikupata nafasi ya kuirekebisha."

"Haidhuru. Punda ni mzuri. Utaingia?"

Dervla aliiona mikate ya magadi mezani, na kiti cha tatu kilichokwisha kuondolewa shuka. Alitaka kuingia kuliko alivyowahi kutaka kitu kwa miezi mingi. Akasema lazima arudi, watu wanamsubiri. Hakukuwa na aliyemsubiri, walikuwa wamelala au wako baa. Aliendesha polepole, akijiuliza kwa nini amesema vile, na hakupata sababu isipokuwa mazoea.

Ijumaa, Derry, alisimama kwenye kituo cha mabasi nusu saa nzima. Basi la kutoka Donegal, jimbo la Glenavarra, lilikuja, wakashuka wanafunzi na mtu mwenye fidla. Simu ikalia.

"Mwanangu, endeleeni tu," alisema Eluned. "Peigí ana viazi havijapaliliwa, na mgongo wake unauma. Nitarudi nyumbani kivyangu."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika. Usije ukawaacha hao wengine sasa."

Wakavuka bahari. Uskoti iliwapa jua siku mbili, jambo ambalo halitokei, kisha wakateremka mpaka Welisi. Dervla alihesabu vichwa kila waliposimama, kwa kidole, mara mbili mbili, mpaka Fintan akamtania kwamba amekuwa karani wa sensa. Kiti cha ishirini na tatu watu walianza kuwekea makoti yao.

Safari iliishia Cardiff. Palikuwa na kukumbatiana, na ahadi za kuandikiana, na dakika ishirini baadaye njia ya miguu ilikuwa tupu. Fintan alipeleka basi kuoshwa. Siku nyingine zote Dervla angepanda chumbani akavua viatu. Siku hiyo alikwenda stesheni akapanda treni ya Swansea, akiwa na anwani aliyoinakili kutoka kwenye fomu, jambo ambalo hakuruhusiwa kulifanya.

Ilikuwa nyumba ya mtaani, imebanwa na nyingine pande zote mbili, mlango umepakwa rangi ya manjano. Aligonga. Kimya. Mwanamume wa nyumba ya pili alitoka na pipa la taka.

"Unamtafuta yule bibi? Atakuwa ndani, huwa hatoki."

"Amesafiri wiki mbili sasa."

"Amesafiri?" Alilitazama pazia la dirisha kana kwamba lingemjibu. "Mbona sikujua. Yuko salama?"

"Yuko salama. Anapalilia viazi."

Mwanamume alitikisa kichwa, akaingia kwake. Dervla alikaa kwenye kizingiti cha ule mlango wa manjano, akararua karatasi kwenye daftari lake. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe aliweka jina lake lote na namba ya simu yake, si ile ya kampuni, na chini yake maneno haya: Siku ile nilitaka kuingia. Akaisukuma kwenye tundu la barua la mlangoni, akaisikia ikianguka ndani, sakafuni.

Wiki tatu zilipita. Alikuwa kwake Galway Jumapili moja kati ya safari mbili, anapiga pasi mashati ya kazi, simu ilipolia kwa namba asiyoijua.

"Dervla? Ni Eluned. Nimerudi jana."

"Mama! Habari za safari?"

"Nzuri. Peigí anakusalimu. Anasema wewe ni mjinga, chai ilikuwepo."

"Kweli kabisa."

Hawakuwa marafiki. Walikuwa watu waliokutana vibaya mara moja. Dervla alisikia saa ya ukutani ya mwenzake upande wa pili, na alihofu kwamba sasa mama yule ataaga kwa adabu, na mambo yatakuwa yameishia hapo.

"Unafanya nini hapo?" Eluned aliuliza.

"Napiga pasi mashati."

"Unaanzia wapi?"

"Mgongoni."

"Mgongoni? Nani alikufundisha? Anza na kola, mwanangu. Kola kwanza, halafu mikono. Weka simu hapo mezani, niambie unavyofanya."

Dervla aliiweka simu juu ya meza, akafungulia spika yake, akaligeuza shati.