Sarafu ya Kilo Sabini

Jumanne asubuhi, mfyatua matofali mmoja alikuwa akichimba udongo kwenye kona ya zamani ya shimo la kiwanda. Alikuwa mwanamke wa makamo, na kiwanda kizima kilimwita Kichwangumu, naye aliitika bila kinyongo. Kona ile ilikuwa imeachwa tangu yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Sasa udongo mzuri ulikuwa umekwisha pande nyingine, kwa hiyo msimamizi aliwaambia warudi kule, akatema mate, akaenda zake kunywa chai.

Alijaza toroli, akalisukuma hadi kwenye birika la kulowekea, akaanza kuvunja mabonge kwa mikono. Ndani ya bonge moja vidole vyake viligusa kitu kigumu. Akakiosha. Ilikuwa sarafu ya dhahabu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme aliyepoteza pua, na upande wa pili maandishi ya lugha ambayo wenyewe walikwisha kufa wote.

Hakupiga kelele. Aliitia mdomoni, akaisogeza kwenye shavu, akaendelea kufyatua matofali hadi jioni. Wenzake walimsemesha akawajibu kwa kichwa, na hakuna aliyeshangaa, maana hata bila sarafu mdomoni hakuwa mtu wa maneno mengi.

Langoni mambo yalikwenda kama kawaida. Kiwanda kilikuwa na sheria ya buti. Buti ni mali ya kiwanda: unazivaa langoni ukiingia, unazivua langoni ukitoka, na mlinzi hafungui komeo mpaka ameziona kwenye rafu. Tangu kiwanda kianzishwe, hakuna mguu uliowahi kutoka na buti. Hata yule fundi wa tanuri aliyeungua alivuliwa buti kwanza, ndipo akapelekwa hospitali. Kichwangumu alivua zake, akapapaswa mifuko, akavaa malapa, akatoka.

Kabla hajafika barabarani alikuwa ameshaigawa dhahabu yake. Mashine ya kufyatulia matofali, yake mwenyewe. Bati jipya juu ya chumba cha mama yake, ambacho kilivuja sehemu zote isipokuwa pale palipowekwa ndoo. Na maneno machache ya kumwachia msimamizi siku ya kuaga, ambayo alikuwa ameyatunga kwa miaka mingi na kila mwaka yalizidi kunoga.

Sonara alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Aliichunguza sarafu ikiwa kiganjani mwa Kichwangumu, akaisugua ukingoni kwa jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali kwenye alama iliyobaki, akaridhika.

"Dhahabu tupu hii, dada. Mfalme simjui, lakini dhahabu yake naijua. Iweke kwenye mizani."

Kichwangumu akaiweka. Kitanga kilishuka kwa kishindo, minyororo ikakatika, na kioo cha meza kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Sonara aliinama kuiokota sarafu kwa vidole viwili. Haikutikisika. Akajaribu kwa mikono yote miwili, akaguna, mpaka miwani ya paji la uso ikaanguka ikakutana na ya machoni.

"Mizani hii niliachiwa na baba yangu," alisema. "Hebu iondoe, tafadhali."

Kichwangumu aliichukua kama mtu anayeokota kifungo.

"Kwako ni nyepesi."

"Kwangu ni sarafu."

"Basi inakujua," alisema sonara, akafuata ufagio.

Alipokwisha kuzoa vioo alieleza biashara ilivyokaa. Yeye hununua dhahabu kwa uzito, na uzito wa hii hauingii dukani kwake. Akiinunua kwa kukadiria kwa macho, atampa fedha za kutosha mashine na bati, leo hii. Akiinunua kwa uzito wake wa kweli, itabidi ampe duka na nyumba, na mkewe hatapendezwa.

"Nataka kujua uzito wake," alisema Kichwangumu.

"Dada, nusu shari kuliko shari kamili. Chukua ya macho uende zako."

"Nataka uzito."

Alikuwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Sonara akamwelekeza kwa muuza nafaka wa mtaa wa nyuma, mwenye mizani ya magunia.

Muuza nafaka alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kutangazia. Alimwonyesha Kichwangumu aiweke sarafu katikati ya bamba la chuma, akasogeza jiwe kwenye mkono wa mizani mpaka likatulia.

"Kilo sabini kamili!" alitangaza, na mtaa mzima ukasikia. "Haya, shusha, kuna mahindi nyuma yako."

Nyumbani, mama yake alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo. Kilikuwa kitanda kipana cha mbao, cha watu wawili, naye alilala upande wa ukutani. Upande wa mlangoni godoro lilikuwa bado limetuna kama jipya, maana hakuna aliyelilalia kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano. Kichwangumu alikuwa amekulia kwenye mkeka chini, akiutazama upande ule, na hakuwahi kuambiwa apande.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua. Baba yake Kichwangumu alikuwa mchimba udongo wa kiwanda kile kile. Siku moja mchana, mkewe alipompelekea chakula, alimnong'oneza langoni, "Nimepata kitu. Jioni nitakuonyesha." Jioni hakurudi. Mchana ule ule ukuta wa udongo ulikuwa umeanguka kwenye kona ya shimo, lakini ofisi ilisema hapakuwa na mtu chini yake. Mkewe, kwa kuhangaika, alimweleza kila aliyemuuliza kwamba mumewe alikuwa amepata kitu. Hapo watu wakapata jibu. Kesho yake ofisi ikatangaza kwamba mtu huyo aliokota dhahabu, akatoroka nayo. Mwanamume akipata dhahabu, walimwambia mkewe usoni, arudi nyumbani kufuata nini?

Mwanzoni alibisha. Baadaye akanyamaza. Ulipokuja mwaka wa njaa, mtoto akilia mgongoni na sufuria tupu, alisimama mlangoni akamlaani mumewe kwa sauti, na tangu hapo hakulitaja jina lake tena.

Kichwangumu aliiweka sarafu kiganjani mwa mama yake. Mkono wa mama ulishuka polepole hadi mapajani, ukabaki pale.

"Umeipata wapi?"

"Kona ya zamani."

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Hakumwangalia mfalme.

"Imepimwa?"

"Kilo sabini."

"Sitini na nane ni yeye," alisema mama. "Siku ya kuajiriwa waliwapima langoni, kila mtu akasomewa kilo zake kwa sauti, mwembamba akarudishwa kwao. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Sitini na nane."

Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Mbili ni buti."

Ndoo ililia tone moja.

"Basi hakutoka langoni," alisema Kichwangumu.

"Hakutoka." Mama alianza kulia, bila kujificha, machozi yakidondokea nguo alizokwisha kukunja. "Miaka yote hii, mwanangu, nimemlaani mtu aliye kazini."

Kichwangumu hakulia. Mashine alikwisha kuisahau. Alichotaka sasa ni baba yake atolewe shimoni, na ofisi iseme mbele ya watu kwamba hakutoroka.

Sauti ya muuza nafaka ilikuwa imefika mbali, kwa hiyo asubuhi mwenye kiwanda alikuja mwenyewe. Aliitwa Bosi Mdogo, ingawa alikaribia miaka sitini, kwa sababu Bosi Mkubwa alikuwa baba yake, na marehemu alimrithisha kila kitu isipokuwa cheo. Alikuja na mpagazi mmoja mwenye mabega mapana. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema mama, kwa mazoea.

Bosi Mdogo alieleza kwamba kitokacho shimoni ni mali ya shimo. Hakuwa na ubaya na mtu. Alikuja tu kuchukua kilicho chake.

"Kipo pale," alisema Kichwangumu, akaonyesha kitanda.

Sarafu ilikuwa upande wa mlangoni. Godoro lilikuwa limebonyea pale kwa urefu wa mtu, na juu, penye mto, palikuwa na kishimo cha duara. Bosi Mdogo alijaribu kuiokota, akashindwa. Mpagazi aliisukumia ndani ya gunia, akainama, akajitwika mgongoni kwa ustadi, akapiga hatua hadi mlangoni. Hapo akasimama.

"Nenda," alisema Bosi Mdogo.

"Siwezi, bosi. Mzigo umeshika mlango."

"Vuta."

"Nimebeba magunia tangu ujana wangu. Gunia halishiki mlango. Huyu anashika."

Alirudi, akamshusha kitandani taratibu, kama anavyoshushwa mgonjwa, akajifuta jasho, akamwomba mama maji ya kunywa. Akapewa.

"Basi ikae hapa kwa muda," alisema Bosi Mdogo. "Lakini ieleweke ni mali ya kiwanda."

"Na baba yangu?" Kichwangumu aliuliza. "Naye ametoka shimoni? Kama hajatoka, ni mali yenu. Mtoeni."

"Baba yako alitoroka, dada. Hilo linajulikana."

"Akaiacha dhahabu aliyotoroka nayo?"

"Mtu mwenye haraka huacha mengi."

"Na uzito wake?"

"Na uzito pia, inawezekana."

"Ana buti miguuni," alisema mama kutoka kitandani. "Uliza mizani. Nani amewahi kupita langoni kwenu na buti?"

Bosi Mdogo alifikiri. Alikuwa mtu makini, asiyependa kusema jambo bila kulipima. Aliizungusha kofia yake mikononi mara kadhaa.

"Hilo la buti hatukulijua," alisema mwishowe. "Kumbe alitoroka na buti zetu."

Akamwambia mama kwa upole kwamba, kwa kuwa ni mambo ya zamani, kiwanda hakitamdai. Akavaa kofia, akaaga. Mpagazi alibaki nyuma kidogo, akainamisha kichwa kuelekea kitandani, kisha akamfuata.

Mchana huo lori lilimwaga vipande vya matofali mabovu kwenye kona ya zamani. Msimamizi alisema udongo wa pale umeonekana haufai.

Sonara alituma ujumbe kwamba bei ya macho bado ipo, tena ameongeza kidogo. Kichwangumu alijibu kwamba haiuzwi. Watu walidhani sasa ataacha kazi kwa hasira, na wengine walikaa karibu na msimamizi wasikose kusikia atakayomwambia. Hakuacha. Aliyeacha kazi haruhusiwi kuingia langoni, na kona ilikuwa ndani ya lango.

Ikawa hivi: kengele ya jioni ikilia, wenzake wakienda kuvua buti, yeye alichukua toroli akaenda konani. Alitoa vipande vya matofali, toroli baada ya toroli, akavipanga kando, hadi giza lilipoingia. Asubuhi lori lilikuja likamwaga vingine.

"Utachoka," mlinzi alimwambia siku moja, akipokea buti zake.

"Bandu bandu huisha gogo."

"Gogo hili linaongezwa kila asubuhi."

"Nimeliona lori," alisema Kichwangumu.

Ofisini, aliyeuliza habari za baba yake aliambiwa kwamba alitoroka, na sasa waliongeza kwamba alikuwa mwizi wa buti. Bati la mama liliendelea kuvuja. Sarafu ilibaki upande wa mlangoni, na mbao za kitanda zililia kila jioni wakati ule ule wachimbaji wanaporudi majumbani. Mama alijilaza upande wake wa ukutani, lakini godoro lililobonyea lilimvuta, na kila asubuhi aliamka yuko katikati, mgongo wake ukiwa na joto. Alilalamika kwamba anabanwa, na alilalamika kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia.

Alfajiri moja ya mvua, Kichwangumu alikuwa akifunga kitambaa kichwani aende kazini. Mama alimwita, akampa bakuli mbili za chakula, zimefungwa pamoja kwa kitambaa kimoja.

"Mbili za nini, mama? Si yuko hapa?"

Mama alitazama upande wa mlangoni, akanyoosha shuka pale palipobonyea.

"Uzito wake umefika," alisema. "Nenda kalete yaliyobaki."

Kichwangumu alizipokea bakuli, akatoka. Langoni mlinzi alimpa buti, akasubiri azivae, akafunga komeo nyuma yake.