Msalaba Kando ya Neno

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja kurasa za kamusi yetu ziende kwa mpiga chapa, Bwana Ludlam aliniwekea kichupa cha wino mwekundu mezani akaniambia nichore msalaba kando ya neno moja.

"Thole," alisema. "Limekufa, Bi Raine. Lizike tuendelee."

Nilidhani anatania. Kitenzi hicho cha Kiingereza nilikuwa nimekisikia kwa mama yangu Jumapili iliyopita, akijikanda nyonga kwa kitambaa cha moto. "Na-thole tu, mwanangu, nitafanyaje?" alisema, yaani anayabeba maumivu yake bila kumpigia mtu kelele. Cawside, kijiji chetu cha makaa ya mawe maili saba kutoka mji wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, neno hilo lilisemwa mara nyingi kuliko asante. Wachimbaji wali-thole vumbi, wake zao wakawa-thole wachimbaji, na sisi watoto tukawa-thole wote wawili.

Nikamwambia hivyo. Bwana Ludlam akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai yake. Alikuwa mhariri mkuu wa kamusi yetu, mtu mpole mwenye makombo kwenye ndevu, na upole wake ulinikera kuliko ukali wa mtu mwingine yeyote.

"Na mama yako amechapwa wapi?" aliuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Ukutani tulikuwa na mashubaka elfu moja na zaidi, na kila shubaka lilishiba vikaratasi vilivyoletwa na wasomaji wetu wa kujitolea: mapadri, wajane, maofisa wastaafu. Kila kikaratasi kilibeba sentensi moja kutoka kitabuni, pamoja na mwaka wake na ukurasa wake. Mdomo haukuwa ushahidi. Vitabu vya Waskoti havikuhesabiwa, maana wao walikuwa na kamusi yao, na orodha za maneno ya mashambani zilizokusanywa na makasisi wasio na kazi tulizitupa. Maana isiyoonekana katika chapa ya Kiingereza kwa miaka mia mbili ilichorewa msalaba mdogo mwekundu. Kila maana ilihukumiwa peke yake, kwa hiyo neno moja liliweza kuwa na mguu mmoja kaburini na mwingine sokoni.

Masika yote nilikuwa nimeishi na neno hilo. Nililikuta kwanza katika sheria za wafalme wa kabla Wanormani hawajaja, na huko lilikuwa neno la kutisha: mwizi ata-thole mkono wake, msaliti ata-thole ardhi yake, maana yake atapokonywa. Baadaye watawa wakalichukua, likawa neno la kuteseka. Kisha makali yakapungua, likawa kuvumilia, na mahali pengine hata kuruhusu. Halafu watu wa London wakalichoka. Likapanda kaskazini taratibu, karne hadi karne, likakaa kwetu, na huku ndiko kikaratasi cha mwisho kilikoishia, katika wosia uliochapwa mwaka 1671. Baada ya hapo shubaka lilikuwa tupu.

"Ninasema ni zima," nilimwambia. "Njoo Cawside Jumapili ulisikie mwenyewe."

"Nikiruhusu la mama yako, kesho nitaletewa ya shangazi wa kila mtu. Una hadi wiki ijayo. Niletee chapa."

Siku tatu sikukaa kitini. Nilipekua magazeti ya zamani nikiwa nimesimama, nikavunja nibu mbili, nikamfokea mfagizi kwa kufagia. Chakula hakikupita. Nilitembea kando ya mto Wear kwenda na kurudi mpaka soli za viatu zikalegea, na kichwani nilikuwa najibizana na Bwana Ludlam. Sitaficha: halikuwa suala la elimu. Mimi ndiye mtoto wa pekee wa Cawside aliyekwenda chuo cha walimu, na kila nilipokanyaga ofisini niliona wenzangu wakisikiliza lafudhi yangu badala ya maneno yangu. Sasa waliniambia kwamba lugha ya mama yangu imekufa, na mama yangu bado anapika.

Siku ya nne nikafanya jambo ambalo katika kazi yetu ni wizi. Mwenye mgodi wa Cawside alikuwa ameziba kwa uzio njia ya kwenda kisimani. Hilo lilikuwa kweli, na kijiji kizima kilikuwa kimekasirika. Nikaandika barua kwa gazeti la mkoa, kwa dakika ishirini, nimesimama kwenye dirisha la posta, nikaitia sahihi "Mchimbaji Mzee". Katikati nikalipachika neno langu: "Tume-thole njia ya kisimani tuliyoachiwa na babu zetu." Nikaona limekaa vizuri. Lilikaa vizuri sana.

Jumatano barua ikatoka gazetini. Nilikata kipande, nikajaza kikaratasi kwa mwandiko wangu nadhifu, nikakiweka mbele ya Bwana Ludlam.

Alisoma mara moja. Akasoma tena. Kisha akainuka ghafla hivi kwamba kiti kilianguka.

"Bi Raine! Unajua umeleta nini?"

"Chapa, bwana. Kama ulivyotaka."

"Umeleta muujiza! Angalieni jamani, njooni hapa!" Alikuwa anawaita makarani wote kwa mikono, na makombo yanadondoka. "Miaka mia nane! Bi Raine, nakuomba radhi. Tena namwomba radhi mama yako."

Niliposikia hivyo nikacheka kwa sauti, nikatoka nje kwenda kununua mkate wa nyama, nikaula wote barabarani kama mtoto. Muujiza gani na kwa nini miaka mia nane, sikuuliza. Nilichotaka kujua ni kwamba msalaba umeondoka.

Jumapili nikaenda nyumbani. Mama, Tamar Raine, alikuwa kwenye kiti chake karibu na moto, na jirani yetu Bi Hannah Stobbs alikuwa anamsomea gazeti la wiki, kwa sababu mama hakujua kusoma. Nilimkuta amefika kwenye barua yangu. Nikamimina chai, nikatega sikio kwa furaha.

"'Tume-thole njia ya kisimani,'" Hannah alisoma, akakatiza. "Tume-thole njia? Tamar, umeelewa?"

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Ame-thole njia vipi?" Mama alikunja uso. "Kwani njia inamuuma? Mtu ana-thole jino. Ana-thole mkwe. Njia imefungwa, basi imefungwa."

"Pengine kalewa."

"Mlevi wa hapa angelisema sawasawa. Huyu hajawahi kuishi Cawside hata siku moja. Ni karani fulani wa mjini kavaa kofia ya mchimbaji."

"Tena karani mpumbavu," alisema Hannah, nao wakacheka mpaka mama akashika nyonga.

Chai ilinipalia. Nilimnyang'anya Hannah gazeti, nikasoma sentensi yangu mwenyewe, na mara hii nikaisikia kwa masikio ya jikoni kwetu. Nilikuwa nimeandika kama mfalme anayemkata mwizi mkono. Miezi mitatu katika sheria zile ilikuwa imenijaa kichwani, na nilipotaka kusema kama mama, kikatoka Kiingereza cha watu waliooza kabla ya kanisa kuu la Durham kujengwa. Wala sikuwa nimehisi kitu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Tamsin, kipenzi, mbona umepauka?" mama aliuliza.

"Safari tu, mama."

"Kula. Hapo pana mbaazi za kusaga na nyama. Huko kwenu mnakula karatasi."

Asubuhi ya Jumatatu nilipanda treni ya kwanza na kwenda moja kwa moja kwa mpiga chapa, bila kupitia ofisini. Herufi za ukurasa wetu zilikuwa zimeshapangwa na kufungwa kwa kamba. Saa sita mchana zingeingia mtamboni. Bwana Ludlam alikuwa pale, ameshika karatasi ya majaribio yenye unyevu, uso wake unang'aa.

"Umekuja kumwona mtoto wako," alisema, akanipa.

Maana ya kwanza: kupokonywa, kunyimwa. Chini yake wafalme wote wamepangwa, kisha pengo la karne nane, kisha Mchimbaji Mzee wa Cawside. Hakuna msalaba. Ilikuwa hai.

Maana ya pili: kuvumilia maumivu au taabu bila kulalamika. Kikaratasi cha mwisho, 1671. Na kando yake, mwekundu, mdogo, safi kabisa, msalaba.

"Hii ya pili," nilisema. Niliigonga kwa kidole. "Bwana Ludlam, hii ya pili ndiyo wanayoisema. Hii ndiyo iliyo hai. Ile ya kwanza hakuna mtu anayeisema."

"Hakuna? Nimeishika mkononi, imechapwa."

"Mama yangu anasema..."

"Bi Raine." Aliniwekea mkono begani, kwa upole wake ule ule. "Imechapwa wapi?"

Mpiga chapa alikuwa anafuta mikono kwa tambara na kutazama saa. Nilijua la kusema. Lilikuwa sentensi moja: barua ile niliiandika mimi. Lakini nikiisema, maana zote mbili zinapata msalaba kabla ya saa sita, na mimi naonyeshwa mlango, na binti yeyote wa kijiji cha makaa atakayebisha hodi baada yangu ataambiwa nyie mnajulikana. Nikijinyamazia, angalau neno lenyewe linabaki likipumua ukurasani. Ndivyo nilivyojidanganya. Nilizunguka ile meza mara mbili, nikashika kalamu nyekundu, nikaiweka.

"Kuna kosa?" aliuliza mpiga chapa.

"Hapana," nikasema. "Pitisha."

Kamusi ilitoka mwezi Machi. Mama aliniuliza swali moja tu. "Neno letu mliliandika?" Nikamjibu tuliliandika. "Vizuri," alisema, akapapasa kwa kiganja jalada la nakala niliyomletea, akarudi kwenye viazi vyake. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda nyumbani nilikaa kwenye ukingo wa kiti, nikaondoka mapema.

Alifariki miaka miwili baadaye, mwezi wa kwanza, kwa kifua. Kanisa letu la Wamethodisti lilikuwa na mhubiri mpya, Mchungaji Alban Pettifer, kijana wa Bristol, mwenye moyo mzuri na masikio mekundu kwa baridi. Hakumjua mama. Alitaka kumuaga kwa maneno ya watu wake mwenyewe, kwa hiyo alifanya anachofanya mtu msomi: alikwenda Durham, akafungua kamusi yangu.

"Dada yetu Tamar," alisema mimbarani, "ali-thole mume mgodini. Ali-thole wana wawili kwa homa. Na leo, wapendwa, Cawside ime-thole Tamar."

Wanawake waligeukiana. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania benchi la mbele kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumrarua yule kijana. Nilitaka kusimama niwaambie wote. Sikusimama.

Makaburini Hannah Stobbs alinishika mkono. Alikuwa amemsogelea mchungaji baada ya ibada na kumuuliza, kwa adabu, neno lile amelitoa wapi.

"Kanionyesha alivyonakili," alisema. "Kasema ile yetu ina msalaba, ilikufa zamani za bibi wa bibi zetu. Hii ya kwake ndiyo sahihi." Alifuta pua. "Fikiria, Tamsin. Umri wote huu mimi na mama yako tulikuwa tunakosea, na kila mtu mwenye elimu aliyepita hapa alikuwa anatusikia. Mbona hukutuambia?"

"Hamkukosea, Bi Hannah."

"Si imeandikwa?"

"Nimeiandika mimi. Sikiliza. Ile barua ya gazetini, ya Mchimbaji Mzee, ile uliyosema ya karani mpumbavu. Ni mimi niliyeiandika. Nililikosea neno, wakalichukua kosa langu wakaliweka kitabuni. Ninyi ndio mliokuwa sawa."

Akanifunga vizuri shali yangu shingoni kama nilipokuwa na miaka sita.

"Pole, mwanangu," alisema. "Msiba huo. Mtu husema chochote. Twende ukanywe kitu cha moto."

Tukateremka mlimani polepole kwa sababu ya miguu yake. Nilimsikia akivuta pumzi kila alipokanyaga, nikamuuliza kama goti linamsumbua.

"Naam," alisema Hannah. Akafungua mdomo kuendelea, akanitazama, akasita. "Na-th... ninalivumilia tu."