Darasa Lenye Nafasi

Gredi ya Nne na Gredi ya Tano zilisomea chumba kimoja katika shule ndogo ya msingi nje ya Ruiru, upande wa mashamba ya kahawa. Nne ilitazama ubao wa mbele, Tano ubao wa nyuma, na waliokaa katikati walisoma wameegemeana migongo. Mwalimu Rachael wa Gredi ya Nne alifundisha kwa sauti ya chini asije akaivuruga hesabu ya Tano.

Kila alipoletwa mtoto mpya, Rachael alisema, "Songeni kidogo," nao wakasogea. Nafasi ilipokwisha kabisa wakaanza kupungua ukubwa. Jioni, wakishavuka lango, walirudia kimo chao na kwenda zao kuteka maji. Wazazi walizoea.

Mitchell wa Gredi ya Nne alikuwa msikivu kuliko wenzake, kwa hiyo alipungua zaidi. Siku moja muhula wa pili alivuka lango akabaki mdogo vilevile. Mama yake, Magdalene, fundi wa mashati katika Eneo la Viwanda huko Thika, alimleta shuleni mgongoni, amemfunga kwa leso.

"Mwalimu, mimi nataka mtoto wangu vile alikuwa."

"Akipata mahali pa kujinyoosha atarudi, Mama Mitchell. Ofisa wa elimu anakuja Ijumaa kuona kama tunahitaji darasa lingine. Wewe omba tu."

Magdalene aliomba.

Ijumaa shule ilifanya kama shule zote zifanyavyo mgeni akija. Watoto walinyunyizia sakafu maji, wakafagia uwanja, wakavuta soksi hadi magotini. Rachael alileta kiti cha mgeni chenye kitambaa kilichofumwa, lakini hakikupata pa kuwekwa. Akasema kwa mazoea, "Songeni, mgeni akae." Wakasogea kwa heshima zote, kama walivyolelewa.

Ofisa huyo, Bwana Kitheka, alikuta madawati matupu hadi ukutani. Madarasa yote mawili yalikuwa yamekaa kwenye dawati la kwanza, na mrefu wao hakuzidi chupa ya soda. Walimwimbia wimbo wa kumkaribisha. Aliinama ili ausikie.

"Wako na nidhamu," alisema. "Na mko na space mingi, Madam. Huko Mwiki watoto wanasomea nje."

"Wamejikunja kwa sababu yako, sir. Kesho hawatatoshea."

"Nakuelewa kabisa. Lakini mimi huandika vile nimekuta."

Alikunywa chai, akasifu mandazi, akaondoka. Magdalene alikuwa amesikia yote akiwa dirishani. Iliuma, na hakuna namna ya kulainisha hilo.

Wiki iliyofuata basi likaleta watoto wa Mwiki, wakiwa na ukubwa wao kamili. Rachael alisimama mlangoni akiwa ameuma midomo. Alikuwa ameapa kutotamka neno lile tena. Haikusaidia kitu. Mitchell alimwona msichana mgeni amekosa pa kukaa, akatabasamu, akampisha.

Jioni Magdalene alimtafuta juu ya dawati, akamtafuta chini yake, mwishowe akamsikia ndani ya mkebe wa jiometri akikariri jedwali la saba. Alikuwa amelipata lote, bila kosa. Mama yake alimpongeza, akamtia mfukoni mwa sweta, akaufunga mfuko kwa pini. Njiani alimwambia leo alale mapema, kesho ni shule.