Redio Tu

Fundi Wekulo alikuwa na swali moja kabla hajagusa waya wa gari la mtu, na swali hilo ndilo Kiarie alikuwa amelikimbia wiki nzima.

"Baba Shirleen, soketi nitaweka. Lakini hapo kwa buti utachomeka nini?"

Probox ilikuwa nje ya kibanda cha Wekulo, kando ya soko la Jericho, mlango wa nyuma umeinuliwa. Kiarie alikuwa ameamka mapema akaifagia, akakunja godoro na blanketi, akaviacha pamoja na mkewe, Nyawira, kwa mama mmoja wa mboga. Kitu kimoja alisahau: kandambili za Nyawira. Akazisukuma chini ya kiti kwa mguu.

"Redio," akasema.

"Redio kwa buti! Atakayesikiliza ni nani, viazi?"

"Wewe weka tu, Fundi. Ya mbele iliungua kitambo."

Wekulo akacheka mpaka kofia ikateleza. Viazi kweli Kiarie alibeba, kutoka soko la Muthurwa, kupelekea wenye vibanda. Lakini tangu Pasaka gari lile lilikuwa pia ndiyo nyumba yake. Ile nyumba ya Jericho waliyokaa miaka kumi na tisa ilikuwa kwa jina la mzee mwingine. Mzee akafa, wanawe wakaja na kufuli mpya. Kiarie akamwambia mkewe ni wiki mbili tu, atapata pengine. Binti yao Shirleen alikuwa Nakuru na nyumba kubwa, lakini ameolewa, na Nyawira alisema hajapoteza adabu kiasi cha kwenda kulala kwa mkwe. Basi Shirleen akaambiwa wamehama, hakuambiwa wamehamia wapi. Wiki mbili zikawa miezi minne, gari likilala kando ya ukuta wa godauni, upande wa Mukuru kwa Reuben, mahali mlinzi mmoja aitwaye Nyamai alikubali kutoona.

Na Nyawira alikuwa na pumu. Alikuwa na mashine ndogo ya kugeuza dawa kuwa mvuke, lakini ni ya umeme wa nyumba, na nyumba haikuwapo. Kiarie alikuwa amenunua invata, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa ukutani. Kilichobaki ni soketi pale nyuma, anapolala mgonjwa.

"Sasa nisikilize," Wekulo akasema, ameshika nyaya mbili, mmoja kila mkono. "Redio inakula kidogo. Nitakuwekea huu mwembamba na fyuzi ya tano. Ukichomeka kitu kizito fyuzi inakatika, ndiyo kazi yake, isije gari likashika moto. Kama kuna kingine, sema sasa nipitishe huu mnene na fyuzi ya ishirini. Ni nusu saa tu naongeza."

Kiarie akafungua mdomo. Kisha akakumbuka Wekulo ni nani Jumapili. Ndiye mzee wa kanisa anayesimama mbele kusoma karatasi ya wenye shida. "Tumkumbuke ndugu yetu..." Akaona kikapu kikizungushwa, na Nyawira, aliyefundisha kwaya ya akina mama, ameinamisha kichwa.

"Redio tu, Fundi."

Nyawira aliporudi garini aliigusa ile soketi kwa kidole.

"Ulimwambia ni ya mashine?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Amekusalimu."

Siku tatu soketi ilichaji simu bila taabu. Kiarie akajiambia, mashine yenyewe inaingia kwa kikapu cha sokoni, itakula umeme gani? Hawakuijaribu. Nyawira alisema dawa imebaki kidogo, isipotezwe.

Siku ya nne kulipambazuka na baridi na moshi wa viwanda umelala chini. Nyawira aliamka ameshika kifua, mabega yanapanda. Kiarie akachomeka invata, akachomeka mashine, akamwekea kifuniko usoni. Mashine ikanguruma. Mvuke ukatoka. Nyawira akavuta mara moja, mara mbili, akamtikisia kichwa kwamba ndiyo, ndiyo.

Kisha ikanyamaza.

Akachomoa, akachomeka. Akatikisa waya. Akapiga soketi kwa ngumi kama mtu anayebisha mlango.

"Baba," Nyawira akasema kwa shida, "twende."

Barabara ya Jogoo ilikuwa imejaa. Kiarie aliendesha huku akiongea nyuma bila kugeuka, na Nyawira, kwa kuwa hana pumzi ya maneno, alikuwa akimjibu kwa kugonga ubavu wa gari. Umelala vizuri? Ko. Tumekaribia, unasikia? Ko. Karibu na mzunguko aliuliza tena, akangoja. Akauliza tena. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

Hospitalini walimpokea, lakini si kama mgonjwa.

Kuna methali juu ya anayeficha maradhi, na kila mtu kanisani aliijua. Hakuna aliyeisema mbele yake. Ndani ya siku mbili tu walikuwa wamempatia chumba pale pale Jericho, nyuma ya nyumba ya mama mmoja aitwaye Lenah. Mkwe wake alifika kutoka Nakuru, akalia kama mtoto. "Mzee, hata kama ni adabu, si ningewajengea ya mabati nje?"

Baada ya mazishi Wekulo alikuja chumbani pale na sanduku la vyombo. Hakufanya mzaha. Alifungua boneti ya Probox pale nje, akaitoa ile fyuzi iliyokatika, akaiinua kwenye mwanga. Halafu akatoa waya mnene.

"Niweke huu, Baba Shirleen. Huu utabeba chochote."

"Wacha. Weka ya tano."

"Ndugu yangu, si lazima..."

"Uliniuliza nikakujibu, Fundi. Weka ya tano."

Wekulo akaiweka. Alipoenda, Kiarie alikaa kwenye buti, miguu nje, kandambili za Nyawira kando yake. Akachomeka redio ndogo. Ilishika mara moja, sauti safi kabisa, mtu akisoma matangazo ya vifo. Aliisikiliza mpaka mwisho, na fyuzi haikukatika.